Mchungaji B. T. Roberts na Viti vya Bure

Zamani katika makanisa mengi ya Marekani viti vya ibada vilikodishwa. Tajiri alilipa fedha, akaketi karibu na mimbara. Maskini alikaa nyuma, au alibaki kwake kwa haya. Mtu mmoja hakuweza kulinyamazia jambo hilo.

Benjamin Titus Roberts alizaliwa mwaka wa 1823 katika jimbo la New York. Alianza kujifunza sheria, walakini Mungu alipomgeuza moyo aliiacha, akamaliza chuo mwaka wa 1848, akawa mchungaji wa Wamethodisti katika baraza la Genesee.

Mwaka wa 1857 akaandika gazetini kwamba wengi wa wenzake wameyaacha mafundisho ya Wesley juu ya utakaso, na kupenda mali kuliko maskini. Baraza likamhukumu na kumkaripia. Mwaka uliofuata mtu mwingine aliyachapa maneno yale tena. Roberts akashtakiwa kwamba ndiye aliyeyaeneza, akafukuzwa kanisani. Akakata rufani kwa Mkutano Mkuu wa 1860, asirudishwe.

Basi tarehe 23 Agosti 1860 wachungaji na wakristo wengine wakakutana katika kijiji cha Pekin, wakaanzisha Kanisa la Methodisti Huru, naye Roberts akachaguliwa kuwa mwangalizi wake mkuu. Katika kanisa hilo viti vyote vilikuwa bure, mwenye watumwa hakupokewa, wala mtu wa vyama vya siri.

Hata huko hakupata yote aliyoyaomba. Alitaka wanawake nao wawekewe mikono kuwa wachungaji. Mwaka wa 1890 wenzake wakakataa. Akaandika kitabu juu ya jambo hilo, lakini hakutoka katika kanisa lake. Alifariki tarehe 27 Februari 1893.

Mwaka wa 1910 baraza la Genesee, lile lile lililomfukuza, lilimrudishia mwanawe hati za uchungaji za baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa kaburini miaka 17. Na mwaka wa 1935 kanisa lake lilianza kazi katika Burundi.

Sisi Walutheri hatupatani naye katika kila fundisho juu ya utakaso. Hata hivyo na tujiulize Jumapili ijayo: mgeni mwenye nguo iliyochakaa akiingia mlangoni, twamketisha wapi? Na ndugu akituonya, twamsikiliza, ama tutamwachia mwanawe kupokea majuto yetu?