Carl Wernicke: Tabibu aliyefumbua siri ya maneno yasiyoeleweka

Mchungaji wa ngamia huko Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini ulio mpakani mwa Kenya na Somalia, humtambua mwenzake gizani kwa sauti kabla hajamwona uso. Lakini mzee akipatwa na kiharusi, huenda akaisikia sauti ya mwanawe, akajua ni yake, asielewe hata neno moja. Akijibu, maneno humtoka kwa wingi pasipo maana. Ni rahisi jamaa kudhani amerukwa na akili.

Aliyeonyesha kwamba huo si wazimu ni tabibu Mjerumani, Carl Wernicke. Alizaliwa Mei 15, 1848, mjini Tarnowitz, Prussia, mji ambao leo umo Poland. Alisomea udaktari Breslau, kisha akaenda Vienna kujifunza umbo la ubongo kwa Theodor Meynert.

Mwaka 1861, Paul Broca wa Ufaransa alikuwa ameeleza habari za mgonjwa aliyeelewa maneno bila kuweza kuyatamka. Sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Wernicke aliwaona wagonjwa wa namna nyingine: walisema bila kukwama na hawakuwa viziwi, ila hawakuelewa walichoambiwa. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alichapisha kitabu akieleza kuwa kwao kilichodhurika ni sehemu iliyo nyuma zaidi, upande uleule wa kushoto, karibu na sikio.

Alifanya kazi Berlin, akarejea Breslau mwaka 1885 kuwa profesa, na mwaka 1904 akahamia Halle. Mwaka uliofuata alipata ajali akiendesha baiskeli katika msitu wa Thuringia, akafariki Juni 15, 1905.

Watafiti waliomfuata wamesahihisha baadhi ya mawazo yake, kwani kuelewa lugha huhitaji sehemu nyingi za ubongo. Mwaka 2000, wataalamu wa Montreal, Kanada, walibainisha sehemu zinazoshughulikia sauti ya binadamu, zenye nguvu hasa upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa huweza kumtambua msemaji huku maneno yakimpotea.

Mafunzo ya Wernicke yangali na faida nyumbani. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitalini bila kukawia. Baada ya hapo, kumpazia sauti hakumsaidii, kwa kuwa kasoro haiko sikioni. Humfaa zaidi sentensi fupi, ishara za mkono na subira ya wanaomzunguka.