Musa Nyandusi: Chifu aliyegawa ruhusa ya kulima

Mtajie mtu wa Pwani neno Kisii, atakwambia ndizi, au atakwambia yale mawe laini ya Tabaka yanayochongwa vinyago na kuuziwa watalii kwenye fuo zetu. Wachache watakutajia Musa Nyandusi. Na waliolisikia jina hilo, wengi wamelisikia kupitia kwa mwanawe, marehemu Simeon Nyachae, aliyekuwa mkuu wa mkoa, kisha waziri, kisha mgombea urais. Mimi leo namtaka baba. Katika maisha yake mna jambo lililotukaa kooni sisi watu wa Pwani miaka mingi: vipi mtu hupewa kilicho chake mwenyewe, kisha akashukuru mpaka kufa, na ile shukrani ikawa ndiyo kamba ya kumvutia.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya Mzungu. Wakisii hawakuwa na mfalme. Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Wanjare, kila upande ulikuwa na wazee wake na mambo yake. Ni Kitutu peke yake ndiko utawala wa ukoo mmoja ulikopata mizizi, ukoo wa Nyakundi, na ngome yao ilikuwa milima ya Manga, ambayo leo imo kaunti ya Nyamira. Utawala huo haukuanza kwa upanga. Vita vya Wakipsigis na Wamaasai viliwatawanya watu, wakakimbilia Manga na watoto mgongoni, nao wenye Manga wakawapokea, wakawapa ardhi, wakawalinda. Waliopokelewa waliitwa abamenyi, yaani wakaazi, watu waliokuja wakakaa. Jina tu linakwambia kila kitu. Mtu aliyekupa pa kulala usiku ule unakimbia mkuki, kesho utambishia nini barazani?

Lakini Wakisii hao hao walikuwa na mtindo mwingine wa kusaidiana, nao waliuita risaga. Majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao, mwenye shamba akawaandalia pombe (Mungu atuepushe, lakini ndiyo ilikuwa ada yao), na siku ya pili yeye naye akabeba jembe akaenda kwa mwengine. Deni lilikuwa likizunguka kijiji kama kata ya maji. Hakuna aliyebaki juu, hakuna aliyebaki chini. Nawaomba mnaosoma mzishike njia hizi mbili, ya Manga na ya risaga, maana Nyandusi alizaliwa katika watu waliozijua zote mbili.

Kisha Waingereza wakaja. Mwaka 1905 walileta askari, wakaua watu na kuswaga ng'ombe. Mwaka 1907 wakafungua kituo Getembe, mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908, kijana aitwaye Otenyo, akitiwa moyo na mama mtabiri Moraa, alimvizia afisa Geoffrey Northcote akamchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo mpaka akawa gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni Wakisii, pale askari walipokuja tena kuchoma nyumba. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na Waingereza pale pale Kisii. Wenyeji wakadhani Mwingereza amekwenda, wakaingia mjini kupora. Aliporudi aliwatia adabu. Wafuasi wa dini ya Mumbo, waliohubiri kwamba Mzungu ataondoka, walikamatwa, na baadhi ya viongozi wao wakahamishwa wakaletwa mbali kabisa na kwao, huku kwetu Lamu.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1920 mkuki ulikuwa umejaribiwa ukashindwa. Kilichobaki ni kumtafuta mtu aliye karibu na ofisi ya Bwana Disii. Na hapo ndipo Nyandusi alipopata uchifu wa Nyaribari.

Chifu wa kikoloni alikuwa mtu wa namna gani? Sisi tulikuwa na maliwali na mamudiri, twaijua kazi hiyo. Mshahara wake ulitoka serikalini, na aliyeweza kumfukuza ni serikali. Kodi ya nyumba ilipita mkononi mwake. Barabara ikitaka watu wa kuchimba, yeye ndiye atoaye watu. Wakati wa Vita vya Pili, serikali ilipolazimisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa, machifu ndio waliokuwa wakitaja nani aende. Sasa fikiri wewe una mtoto wa kiume mmoja, na jina lake halikutajwa. Hukupewa hata senti. Hukupewa kuku wala kanga. Lakini siku ya pili ukikutana na chifu njiani, utamwamkia vipi? Utainama zaidi ya jana, na shamba lake likiwa na magugu hutangoja kuitwa.

Hii ndiyo fadhila ya ajabu kuliko zote: ya kutokudhuriwa. Haimgharimu mtoaji kitu, wala mpokeaji hana njia ya kuilipa akamaliza, maana mwakani orodha nyingine itaandikwa.

Tuje kwenye kahawa, maana hapo ndipo Nyandusi alipojenga jina na mali. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya ilikuwa ikiwazuia Waafrika kulima kahawa ya arabika. Walowezi walitoa sababu nyingi: magonjwa ya mimea, wizi, ubora kuharibika. Sababu waliyokuwa hawaisemi kwa sauti ni kwamba Mwafrika mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mlowezi. Kisii ina udongo mwekundu, mvua ya kutosha na baridi ya mlimani. Kahawa pale humea ukiiangalia. Lakini mwenye ardhi hakuruhusiwa kuipanda katika ardhi yake.

Mnamo katikati ya miaka ya 1930 serikali ikalegeza, ikaruhusu kwa majaribio, kwa kibali na kwa masharti, katika sehemu chache tu: Kisii, Meru na Embu. Waliotangulizwa walikuwa machifu na watu wa halmashauri, na Nyandusi alikuwa wa mbele miongoni mwao.

Haki yake tumpe. Kupanda wakati ule kulitaka moyo. Watu wengi Kisii waliiogopa kahawa. Walikuwa wameona kwamba penye kahawa pana Mzungu, wakaamini kuwa siku mashamba yakistawi, serikali itakuja kuyachukua. Wapo waliokataa katakata. Nyandusi alipanda, watu wakamtazama mwaka, wakamtazama miaka. Ardhi haikuchukuliwa. Miche ikazaa, pesa zikaja, na kidogo kidogo wengine wakafuata. Baadaye vikaja vyama vya ushirika, na kahawa ikawa karo ya shule na bati la nyumba kwa jamaa nyingi za Kisii na Nyamira. Atakayesema chifu huyu hakuwafaa watu wake atakuwa anadhulumu.

Lakini angalia shukrani zilikwenda wapi. Hazikwenda kwa udongo wa Nyaribari, wala kwa mkulima aliyechimba mashimo. Zilikwenda kwa aliyesimama mlangoni. Haki ya mtu kupanda atakacho kwenye shamba la baba yake ilichukuliwa na serikali, ikawekwa kabatini miaka, kisha ikarudishwa kipande kipande kupitia mkono wa mtu mmoja. Na ilipofika kwa mwenyewe ilikuwa imebadilika jina, si haki tena, ni hisani ya chifu. Nyandusi hakuiba kitu hapo. Yeye alikuta mlango, akakaa penye mlango. Ila anayekaa mlangoni miaka thelathini, watu husahau kwamba nyumba ni yao.

Akapanda daraja mpaka akawa chifu mkuu. Akatajirika kwa mashamba na biashara, akaoa wake wengi, na katika nchi ile kila mke ni ukoo mzima wa wakwe. Wakwe nao wana kesi zao, wana watoto wa kusomeshwa, wana mipaka ya mashamba inayogombaniwa. Mkwe haombi rushwa, ndugu zangu. Mkwe huombwa, akasaidia, na akisaidia huwa ameongeza fundo. Sioni kama Nyandusi alikaa akapanga haya kwa hila. Nadhani aliona ndio ukubwa wenyewe, kama wenye Manga walivyoona zamani. Tofauti ni kwamba wenye Manga walitoa ardhi yao na walimwaga damu yao. Chifu wa serikali alitoa sahihi.

Huku kwetu palikuwa na liwali Sir Ali bin Salim, mtu wa zama hizo hizo, naye alisifika kwa mkono wazi. Yeye alikuwa tajiri wa ukoo, akitoa mali yake kwa mambo ya mji wa Mombasa, na Waingereza wakampa heshima zao. Nayo hiyo ilimletea nguvu, sikatai. Lakini mtu akitoa cha mfukoni mwake unajua ametoa nini, unaweza kukipima, na ukipenda unaweza kukikataa ukabaki na chako.

Yaliyotufika sisi yanafanana zaidi na ya Nyaribari. Mwaka ule ule wa Otenyo, 1908, serikali ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake yaandikwe. Walioijua ofisi walipeleka. Wengi, hasa ndugu zetu Wamijikenda, hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme. Zaidi ya miaka mia baadaye bado tunaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zetu. Kisha hupigwa hema, huletwa viti vya plastiki, hualikwa shehe na mchungaji waombe dua, na mheshimiwa husimama akagawa hatimiliki. Kina mama hupiga vigelegele. Na uchaguzi ukifika, tunakumbushwa nani alitupa hati. Kadhalika na basari: pesa ni za kodi ya mzazi mwenyewe, barua ni ya mheshimiwa, asante ni ya mheshimiwa.

Dini yetu imelikataza hili kwa ukali. Katika Suratul Baqara tumeambiwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi, yaani kumtajia uliyempa kwamba umempa. Na hapo panazungumzwa mtu aliyetoa mali yake halali. Sijui tumweke wapi anayesimbulia kwa mali ambayo haikuwa yake tangu mwanzo.

Nyandusi hakuwa na haja ya kusimbulia. Hilo ndilo lililomtofautisha na hawa wetu wa vipaza sauti. Watu walikumbuka wenyewe. Mwanawe Nyachae, aliyezaliwa 1932, alianza kazi kama karani chini ya baba yake, akaona mapema vipi mambo yanavyokwenda: nani huingia ofisini akiwa amevua kofia, nani hutoka akishukuru. Chifu aliondoka kazini na kufariki miaka michache baada ya nchi kupata uhuru, lakini mlango haukufungwa. Kijana aliingia utawala wa mikoa, akawa mkuu wa mkoa Rift Valley, halafu Mkoa wa Kati, halafu juu zaidi serikalini. Watu wa Kisii waliotaka kazi Nairobi walijua pa kubisha hodi, kama wazazi wao walivyojua pa kubisha hodi Nyaribari.

Mwaka 1992 alichaguliwa mbunge wa Nyaribari Chache, na akachaguliwa tena na tena. Mwaka 2002 alipogombea urais na chama chake cha FORD-People, alishika nafasi ya tatu nchini, lakini nyumbani Gusii alibeba karibu kila kitu. Watu waliwapa kura mpaka wagombea ubunge wasiowajua vizuri, kwa kuwa tu wametoka mkononi mwake.

Miaka mitano baadaye, Desemba 2007, watu wa Nyaribari Chache walipanga foleni kama desturi. Miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa watu ambao chifu aliwapa ruhusa ya miche, na wajukuu wa wale ambao majina yao hayakutajwa wakati wa vita. Wakaingia mmoja mmoja kwenye kile kijisanduku ambamo hakuna anayekuona, wakapiga kura, na mwana wa Musa Nyandusi akapoteza kiti.