Robert Noyce, mtoto wa mchungaji aliyeshusha bei ya kompyuta

Kompyuta nyingi zilizokwisha tumiwa ambazo zinauzwa Goma, Bukavu ao Uvira zina kikaratasi kidogo karibu na kibodi: Celeron, Pentium, Core i3, Core i5. Majina hayo ni ya prosesa za kampuni moja ya Marekani, Intel. Mmoja wa watu wawili walioianzisha ni Robert Noyce, mwanafizikia aliyefariki miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Noyce alizaliwa tarehe 12 desemba 1927 mjini Burlington, katika jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na yeye alikuwa mtoto wa tatu kati ya wavulana wanne. Familia haikuwa na mali nyingi. Ilikaa katika mji mdogo wa Grinnell, na kule, akiwa na umri wa miaka 12, Noyce na kaka yake walijitengenezea ndege isiyo na injini, akaruka nayo kutoka kwenye paa la jengo moja.

Masomo yake yalikaribia kuharibika kwa sababu ya nguruwe. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Grinnell, aliiba nguruwe wa mkulima kwa ajili ya karamu ya wanafunzi. Katika jimbo la wakulima, hilo lilikuwa kosa zito. Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, alimtetea, na adhabu ikawa kusimamishwa masomo kwa muhula mmoja badala ya kufukuzwa kabisa. Ni Gale huyo pia aliyemwonyesha transista, kifaa kilichokuwa kipya duniani. Noyce alimaliza chuo mwaka wa 1949, kiisha akapata udaktari wa fizikia katika chuo cha MIT mwaka wa 1953.

Kunako mwaka 1956 alihamia California kufanya kazi kwa William Shockley, mmoja wa wavumbuzi watatu wa transista, ambaye mwaka huohuo alipewa tuzo la Nobel. Shockley alikuwa na akili nyingi, lakini hakujua kuongoza watu. Hakuwaamini wafanyakazi wake. Mwaka wa 1957 vijana wanane, Noyce akiwa kati yao, waliacha kazi kwa pamoja wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor.

Pale Fairchild ndipo Noyce alipofanya kazi iliyobeba jina lake. Wakati ule kila transista ilikatwa peke yake, halafu wafanyakazi waliziunganisha moja moja kwa nyaya. Kazi ilikuwa ndefu, na waya mmoja ukikatika mashine nzima ilisimama. Mwaka wa 1958 Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha kwamba sehemu zote zinaweza kukaa kwenye kipande kimoja, lakini chake kilikuwa bado na nyaya zilizowekwa kwa mkono. Mwaka wa 1959 Noyce alitumia mbinu ya mwenzake Jean Hoerni, ambayo hufunika silikoni kwa tabaka la kinga, akaweka mistari ya alumini juu ya tabaka hilo badala ya nyaya. Kwa njia hiyo kiwanda kiliweza kutoa vipande vingi kwa mara moja. Kampuni hizo mbili zilipambana mahakamani kwa miaka mingi, mpaka zikakubaliana kila moja kutumia uvumbuzi wa mwenzake.

Lakini uvumbuzi peke yake haukutosha. Vipande hivyo vilikuwa ghali, na wanunuzi wakubwa walikuwa jeshi na mpango wa kupeleka watu mwezini. Katikati ya miaka ya 1960, Noyce alichukua uamuzi ulioshangaza wafanyabiashara wenzake: aliuza vipande vya kawaida kwa bei ya chini kuliko gharama ya kununua sehemu zake moja moja. Alijua kwamba mwanzoni kampuni ingepata hasara. Hesabu yake ilikuwa kwamba bei ikishuka wanunuzi wataongezeka, na wakiongezeka, gharama ya kutengeneza itashuka pia. Ndivyo ilivyokuwa, na biashara hiyo inafuata mwendo huo mpaka leo.

Mwaka wa 1968 Noyce na Gordon Moore waliacha Fairchild wakaanzisha Intel. Mwaka wa 1971 kampuni hiyo ilitoa prosesa 4004, yenye transista 2.300, iliyokuwa imeagizwa na kampuni ya Japani, Busicom, kwa ajili ya mashine za kuhesabu. Wahandisi Ted Hoff, Federico Faggin, Stan Mazor na Masatoshi Shima ndio walioitengeneza. Intel ilirudishia Busicom dola 60.000 ili ipate haki ya kuiuzia watu wengine.

Prosesa ya bei nafuu ndiyo iliyoleta ushindi mkubwa. Mwaka wa 1978 Intel ilitoa 8086. Mwaka uliofuata ilitoa 8088, iliyofanana nayo kwa ndani lakini yenye njia nyembamba ya kupitisha data, ili iweze kufanya kazi na vifaa vya bei ya chini. IBM ilichagua hiyo 8088 kwa kompyuta yake ya mwaka 1981. Mshindani mkubwa wa Intel, AMD, naye alitoka nyumba moja: kiongozi wake Jerry Sanders alikuwa mfanyakazi wa Fairchild.

Tangu hapo, kila prosesa ya bei nafuu hupunguziwa kitu fulani, na mnunuzi anapaswa kujua ni kitu gani. Celeron ya kwanza, ya mwaka 1998, ilinyimwa kumbukumbu ya akiba iitwayo kashe, na ikawa nzito. Iliyofuata miezi michache baadaye ilirudishiwa kashe kidogo, ikasifiwa. Leo pia jina ao umri hautoshi. Core i5-2520M ya mwaka 2011 ina kasi kuliko Celeron N3060 ya mwaka 2016, ingawa zote ni za kompyuta za mkononi na zote zina viini viwili. Tofauti ni umeme: ya kwanza imepangiwa wati 35, ya pili wati 6. Core i5-2400 ya kompyuta ya mezani ina viini vinne, lakini imepangiwa wati 95. Kwa mtu anayetegemea umeme wa jua, Celeron inaweza kutosha kwa kuandika na kusoma barua. Kwa kazi nzito, i5 ya zamani ni afadhali.

Noyce hakupenda ukubwa. Katika Intel hakukuwa na sehemu ya kuegesha magari iliyotengewa wakubwa, naye alikaa na wafanyakazi bila ofisi ya fahari. Mwaka wa 1988 alikubali kuongoza Sematech mjini Austin, Texas, muungano wa kampuni 14 uliotaka kuokoa viwanda vya Marekani mbele ya ushindani wa Japani. Alifariki kule kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 juni 1990, akiwa na umri wa miaka 62.

Mwaka wa 2000 Kilby alipewa tuzo la Nobel. Noyce hakuweza kulipata, kwa kuwa halitolewi kwa marehemu, lakini Kilby alimtaja mbele ya watu. Mwezi wa kwanza 2014, Intel ilitangaza kwamba prosesa zake hazitengenezwi tena kwa madini yanayofadhili makundi yenye silaha nchini Congo.