Metchnikoff na Mwiba wa Mwaridi

Likizo iliyopita nilichomwa mwiba nikilima shambani. Siku ya tatu mguu ulitunga usaha, bibi akaukamua. Sikujua kwamba usaha ule ulikuwa umejaa chembe nyeupe za damu zilizokufa zikinipigania. Bwana aliyewafumbua watu macho katika jambo hili ni Elie Metchnikoff.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, mji wa Ukraine, zamani hizo chini ya mfalme wa Urusi. Hakuwa daktari, bali mtaalamu wa viumbe. Mke wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1873, naye akahuzunika mno.

Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama nyani wa sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Alikuwa akitazama watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonyesha ndani kama kioo. Akaona chembe zikitembea humo. Je, hizi si askari? Akachuma miiba ya mwaridi bustanini, akawachoma nayo. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka mwiba kama siafu!

Wengi hawakumsadiki. Wengine walishika kwamba chembe nyeupe hubeba vijidudu na kuvieneza, wengine kwamba nguvu yote imo katika majimaji ya damu. Metchnikoff, mtu mkali, alibishana nao miaka zaidi ya 20, mingi katika Chuo cha Pasteur, Paris. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyeshika upande wa majimaji. Mimi naona ni haki, maana mwili hutumia yote mawili.

Lakini ni nani huamuru askari hao wazaliwe? Alifariki mwaka 1916 bila kulijua jibu. Chembe hizo huzaliwa katika uboho wa mifupa. Mwaka 1966, huko Melbourne, Ray Bradley na Donald Metcalf walionyesha kwamba chembe za uboho zilizopandwa chomboni huhitaji kitu kitokacho kwa chembe nyingine ndipo ziongezeke. Wajumbe wa namna hiyo huitwa saitokini. Mmoja huziongoza chembe changa ziwe makrofaji, walaji wakubwa. Mwingine huziongoza ziwe nyutrofili, ndizo zilizojaa katika usaha wangu. Siku hizi mjumbe huyo wa pili hutengenezwa viwandani, na wagonjwa wa saratani ambao dawa kali zimewamalizia askari huchomwa sindano yake, uboho ukazaa tena.

Majivu ya Metchnikoff yamewekwa katika maktaba ya Chuo cha Pasteur.