Maisha ya Abul-Alaa Al-Maarri, Aliyejizuia Nyama

Ahmad bin Abdillah bin Sulayman, wa kabila la Tanukh, ajulikanaye kwa kunia yake ya Abul-Alaa, alizaliwa mwaka 363 wa Hijra (973) katika mji wa Maarrat An-Nuuman, kusini ya Halab katika nchi ya Sham. Nyumba yao ilikuwa ya makadhi na watu wa elimu. Alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi alishikwa na ndui, ikamwondolea nuru ya macho. Na elimu yote aliyoipata baada ya hapo aliipata kwa masikio na kwa hifadhi iliyowastaajabisha wote waliomjua.

Alisoma kwa babake, kisha Halab. Baadaye alisafiri kwenda Baghdad, akakaa yapata mwaka mmoja na nusu. Watu wa elimu walimtukuza, lakini hakukubali kuwasifu wakubwa kwa mashairi ili apewe fedha, na hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya washairi wengi wa zama zile. Mwaka 400 (1010) alirejea kwao kwa habari ya ugonjwa wa mamake, akamkuta amekwisha kufa. Basi akajifungia nyumbani, akajiita mfungwa wa vifungo viwili, upofu na nyumba. Hata hivyo wanafunzi walimfuata humo humo. Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw, aliyepita mji ule mwaka 438 (1047), ameandika kuwa walizidi mia mbili.

Lililomtia katika vinywa vya watu ni chakula chake. Kwa muda wa miaka 45, kama walivyopokea wanahistoria, hakula nyama. Tena hakula samaki, wala mayai, wala maziwa, wala asali. Adesi ndiyo iliyokuwa kitoweo chake na tini ndiyo iliyokuwa tamu yake, naye akifunga mchana mwaka mzima ila sikukuu mbili. Aliona kuwa maziwa ni haki ya ndama, na asali ni akiba ya nyuki walioichuma kwa taabu. Inasimuliwa kuwa aliugua, tabibu akamwagizia kuku. Alipopapasa yule kuku aliyepikwa alisikitika, akasema kuwa ameagizwa huyu kwa kuwa ni mnyonge, na wala hakuagizwa mtoto wa simba.

Karibu na mwisho wa uhai wake alipelekewa barua na Al-Muayyad fid-Din Ash-Shirazi, daai mkuu wa Mafatimi wa Misri, kumtaka hoja. Barua hizo zimehifadhiwa na Yaqut Al-Hamawi. Al-Muayyad alisema kuwa wanyama wenyewe hulana kwa maumbile waliyoumbiwa, na kuwa ajionaye ana huruma zaidi ya Muumba wao amepotea. Abul-Alaa alijibu kuwa mnyama huhisi maumivu, na kuwa wacha Mungu wa kale waliacha mengi yaliyo halali. Tena pato lake halikuwa ila dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake akichukua sehemu humo. Tena alidhani mimea itamhifadhia afya. Al-Muayyad akaahidi kumwombea posho ya kula vizuri. Akaikataa. Barua zikakoma, wala hapana aliyemwondoa mwenziwe katika neno lake.

Masala haya si ya Sham peke yake. Vijana wetu wa Ukunda wapikao katika mahoteli ya Diani huwapikia wageni wasioonja chochote kitokacho kwa mnyama, nao hutuuliza hukumu yake. Sisi twasema: mwenye kuacha nyama kwa kuwa nafsi yake haiitaki, au kwa maradhi, au kwa huruma, hana lawama. Mtume s.a.w. aliletewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani mfano wa guruguru, asile kwa kuwa si chakula cha kwao. Khalid bin Al-Walid akaila mbele yake, asikatazwe. Lakini mwenye kuharimisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu ameingia pasipo pake, na Sura ya Al-Maida, aya ya 87, iko wazi. (Na tangu Msambweni mpaka Vanga ziko nyumba zisizoiona nyama ila kwa Idi na harusi, zikila sima kwa mchicha, hakuna aliyewaita hao wanafalsafa.)

Wala tusijitakase. Kuku huning'inizwa vichwa chini juu ya pikipiki kutwa nzima katika jua. Mbuzi huchinjwa kwa kisu butu, na mwenziwe amefungwa kando akitazama. Hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahihi Muslim yaamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Watu wangapi hukinoa? Na yule ng'ombe wa matanga, anunuliwaye kwa deni watakalolilipa mayatima, amechinjwa kwa sunna ya nani?

Kwa upande wa afya, matabibu wa leo wamekubali kuwa mtu mzima aweza kuishi kwa mimea akichagua vyema: kunde, mbaazi, pojo, njugu, mboga za majani na matunda. Lakini iko vitamini iitwayo B12, ijengayo damu na kulinda mishipa ya fahamu, ambayo haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Aachaye vyote vya mnyama hana budi kuipata kwa vidonge au kwa chakula kilichotiwa vitamini hiyo, na upungufu wake huweza kujificha miaka kabla ya kudhihiri. Wa kuhofiwa zaidi ni mama mjamzito na mtoto anyonyaye.

Abul-Alaa alifariki mwaka 449 (1057), akiwa na miaka 83. Hakuoa, kwani aliona kumleta mtoto duniani ni kumdhuru, na hilo hatumfuati. Ibn Al-Jawzi alimshutumu kwa uzandiki. Ibn Al-Adim wa Halab akatunga kitabu kizima kumtetea. Mwaka 1098 Mafaranji wa vita vya msalaba waliuteka mji wake, na waandishi wao wenyewe wameandika kuwa baadhi ya askari wao, kwa njaa, walikula nyama za maiti wa watu wa Maarra. Mwaka 2013, katika vita vya Sham, wenye silaha walikikata kichwa cha sanamu yake iliyokuwa imesimamishwa mjini humo.