Nahodha Owen: Aliyeipima pwani ya Mombasa kwa pembetatu

JINA la Port Reitz, huko Changamwe, hutajwa kila siku na makondakta wa matatu, lakini ni wachache wanaojua kwamba lilitokana na afisa mdogo wa Nahodha William Fitzwilliam Owen, Mwingereza aliyeipima pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1822 na 1826.

Owen alizaliwa Manchester mwaka 1774. Babaye, aliyekuwa nahodha wa jeshi la wanamaji, alifariki angali mdogo, naye akaingia baharini mwaka 1788. Wafaransa walimteka mwaka 1808, wakamzuilia katika kisiwa cha Mauritius hadi 1810. Baadaye alipima maziwa makuu ya Kanada, na hapo akapata sifa ya upimaji.

Mwaka 1822 aliondoka Uingereza na meli mbili, Leven na Barracouta, kwenda kuchora ramani za pwani ambayo mabaharia wa Ulaya waliijua kwa kubahatisha. Wenyeji waliijua miamba yao vyema kwa uzoefu; waliokosa elimu hiyo ni wageni.

Ugumu wa kazi hiyo unaeleweka mtu akisimama ufuoni Bamburi. Mwamba wa matumbawe umejipanga mbele ya ufuo, na meli kubwa haithubutu kuukaribia. Umbali kutoka melini hadi nchi kavu utapimwaje bila kamba wala hatua?

Jibu limo katika pembetatu. Tuseme meli mbili zimetia nanga nje ya mwamba. Moja inapiga mzinga. Katika ile ya pili mabaharia wanauona mwako papo hapo, kisha wanahesabu sekunde mpaka mshindo uwafikie. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo sekunde 3 ni mita 1,020. Huo ndio ubavu mmoja.

Kisha kila meli inapima, kwa kifaa kiitwacho sekstanti, pembe iliyopo kati ya meli mwenzake na mbuyu mmoja ulioko ufuoni. Meli ya kwanza ikipata digrii 70 na ya pili digrii 60, pembe ya mbuyuni ni digrii 50, kwani jumla ya pembe za pembetatu ni 180. Kila pembe ina namba yake katika majedwali, iitwayo sini, na ubavu ukigawanywa kwa sini ya pembe inayoukabili, jibu ni lile lile kwa pande zote tatu. Mita 1,020 zikizidishwa kwa 0.866, ambayo ni sini ya 60, na kugawanywa kwa 0.766, sini ya 50, inajulikana kwamba mbuyu uko mita 1,153 kutoka meli ya kwanza. Hakuna aliyekanyaga mchanga. Ubavu huo mpya nao huwa msingi wa pembetatu nyingine, na hivyo pwani nzima hushonwa kipande kwa kipande.

Hesabu hizo ziligharimu maisha. Homa iliwashambulia mabaharia, hasa katika ghuba ya Delagoa, iliyoko Maputo ya leo, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Zaidi ya nusu ya waliotoka na Owen hawakurudi kwao.

Februari 1824 Owen aliingia Mombasa, akakuta Wamazrui wamekwisha kupandisha bendera ya Kiingereza wakijikinga na Seyyid Said wa Oman. Akakubali kuulinda mji bila idhini ya serikali yake, kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome. Alimwacha Luteni Reitz kuusimamia, naye akafa kwa homa mwezi Mei mwaka huo huo. London ilikataa mapatano hayo, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Hapo ndipo mpimaji hodari alipokosea vipimo: aliwapa Wamazrui tumaini asiloweza kulitimiza. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na viongozi wao wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas.

Owen alirudi Uingereza na ramani zipatazo 300, zilizotumiwa na manahodha kwa miaka mingi. Aliendelea kupima, safari hii katika Ghuba ya Fundy, Kanada, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 70. Alifariki Saint John, New Brunswick, Novemba 3, 1857.