Mfuga kondoo aliyepandisha boti mtoni

Ukipanda matatu kutoka Kitale kwenda Eldoret, utavuka Mto Nzoia pale Moi's Bridge. Mto huo huo utakutana nao tena Webuye, Kaunti ya Bungoma, ukiporomoka pale Nabuyole. Hebu uutazame wakati wa kiangazi: maji machache, mawe kibao. Mtu akikwambia uupande kwa boti ya injini, utamcheka. Rafadha itagonga jiwe la kwanza na safari iishie hapo.

Sasa kuna mzee mmoja aliyeishi kando ya mito ya namna hiyo, na hakucheka. Aliitwa Charles William Feilden Hamilton, lakini watu walimjua kama Bill. Alizaliwa mwaka 1899 nchini New Zealand, katika familia ya wafugaji wa kondoo. Kaka yake alipouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Bill alirudi nyumbani kusimamia shamba. Hakuwahi kukanyaga chuo cha uhandisi.

Mwaka 1921, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, alinunua ranchi ya Irishman Creek. Ni bara, na baridi ni kali. Alitaka umeme nyumbani na hakukuwa na kampuni ya kumvutia waya. Basi akaamua kuuzalisha mwenyewe kwa nguvu za maji. Kwa hilo alihitaji bwawa, na bwawa lilihitaji mashine ya kuchimba, ambayo hakuwa nayo. Akaiunda. Karakana aliyoijenga kwa shida zake mwenyewe ikageuka biashara, na mwaka 1939 akaanzisha kampuni. Kabla ya hapo alikuwa ameonja mbio za magari pia, hata akashindana Brooklands, Uingereza, mwaka 1930 kwa gari aina ya Bentley.

Tusidanganyane lakini. Bill hakuanza na sufuri. Alikuwa na ardhi, na wewe huenda huna hata ploti. Ila ardhi peke yake haiundi mashine. Majirani zake walikuwa na ardhi pia.

Wazo la boti lilimshika sana miaka ya 1950, akiwa tayari na zaidi ya miaka 50. Akaitupilia mbali rafadha. Badala yake akaweka pampu ndani ya boti: inanyonya maji kupitia tundu chini ya boti, kisha inayatupa nyuma kwa kasi, na boti inasukumwa mbele. Alipojaribu mara ya kwanza, bomba la kutupia maji lilikuwa chini ya boti, na mwendo ukawa wa kusikitisha, kama kilomita 18 kwa saa. Hapo wengi wangefunga kazi. Yeye na mafundi wake wakalipandisha bomba likawa juu ya usawa wa maji. Hapakubaki kitu cha kukokota chini, na mwendo ukafika kama kilomita 27. Badiliko dogo tu!

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1960 boti zake, mwanawe Jon akiwa miongoni mwa waendeshaji, ziliupanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon, Marekani. Mwaka 1974 na 1975 boti za aina hiyo zilifika huku kwetu Afrika, katika msafara wa Mto Zaire, ambao leo tunauita Kongo. Mwaka huo wa 1974 alipewa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1978. Na hakujidai kwamba ndiye wa kwanza kufikiria kusukuma chombo kwa maji. Wengine walijaribu kabla yake. Kazi yake ilikuwa kuifanya iwe kitu cha kutumika.

Basi tuseme umeuziwa kiboti chakavu cha aina hiyo kwa bei ya kutupa. Usikimbilie rangi. Injini ikinguruma sana na boti inajikokota, shuka kwenye pampu. Toa kwanza majani na kokoto kwenye wavu wa kunyonyea. Kisha angalia panga linalozunguka: kati ya ncha zake na ukuta wa pampu panatakiwa nafasi nyembamba mno. Mchanga ukishaipanua, maji yanarudi nyuma na nguvu inapotea. Fundi mzuri wa kuchomelea na mwenzake wa mashine ya kukerezea wanaweza kujaza ncha zilizolika na kuzisawazisha, kisha ukuta uliochakaa ubadilishwe. Na kumbuka, usukani wa boti hii ni hayo maji yanayotupwa. Ukiachilia mafuta ghafla, hukati kona.

Huna boti? Sawa. Lakini ile pampu ya petroli inayomwagilia nyanya kando ya mto inanyonya na kutupa maji kwa panga linalozunguka, kama yake. Kuna moja imekufa kwenye stoo ya mjomba wako, na kila mtu ameshaizoea hivyo. Jumamosi hii azima spana, uifungue.